Shahada kwa awamu: shajara ya krediti 120

Januari: kuanzia mwisho

Mali bila daftari hupotea bila habari, na krediti za chuo, yaani vipimo unavyohesabiwa kwa kila kozi unayofaulu, ni mali. Ndiyo maana naandika kila hatua ya mradi huu tangu mwanzo. Lengo ni shahada ya kwanza ya usimamizi wa biashara kutoka chuo chenye ithibati, yaani kilichokaguliwa na kutambuliwa rasmi, hapa Marekani, nisome kwa awamu nikiwa kazini, nimalize bila deni. Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Darasa la asubuhi siku tatu kwa wiki kwangu haliwezekani. Kozi ninayoweza kuifungua mchana baada ya kuamka inawezekana.

Hesabu kwanza. Shahada ya miaka minne hapa kwa kawaida ni krediti 120, ya miaka miwili ni 60, na kozi nyingi zina krediti 3. Kanuni ya serikali kuu inapima krediti moja kuwa saa moja ya darasani na saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki kama 15. Kwa kipimo hicho, kozi moja ni kazi ya saa 135 hivi. Kozi ya mtandaoni inayokwenda kwa mwendo wako haipunguzi maarifa unayodaiwa, ila inakuondolea kalenda. Anayezijua tayari nusu ya mada hana sababu ya kusubiri wiki 15.

Upande wa pesa, takwimu za shirika la College Board za mwaka wa masomo 2024–25 zinaonyesha kwamba ada ya wastani ya chuo cha umma cha miaka minne, kwa mkazi wa jimbo husika, ni $11,610 kwa mwaka. Chuo cha jamii cha miaka miwili ni $4,050. Hapo hujala wala hujalala. Ukigawa kwa krediti 30 za mwaka, ya kwanza inatoka $387 kwa krediti, ya pili $135. Miaka minne kwa bei ya kwanza inapita $46,000, na hizo sina.

Sasa jambo lililonifanya nisikimbilie kujisajili popote. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti kuhusu wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009. Makadirio yake ni kwamba walipoteza asilimia 43 ya krediti zao njiani. Waliotoka vyuo binafsi vya kibiashara kwenda vya umma walipoteza asilimia 94. Watu hao walisoma, wakafanya mitihani, wakalipa, wengine wanalipa mpaka leo, kisha wakaambiwa warudie. Kwa hiyo mradi wangu unaanzia mwisho: nachagua kwanza chuo kitakachoniandikia cheti, halafu ndipo nitafute krediti zinazokubalika kwake. Krediti haina thamani yake yenyewe. Thamani inaipata siku chuo chako kinapoiweka kwenye nafasi inayohitajika.

Februari: kuhoji vyuo

Jambo la kwanza ni ithibati, na hilo halichukui muda. Wizara ya Elimu ya Marekani ina hifadhidata ya bure iitwayo DAPIP. Unaandika jina la chuo, unaona kama kina ithibati na nani ameitoa. Chuo kisichoonekana humo nakifuta hata kama tangazo lake linapendeza vipi. Wengine watakwambia utafute ithibati ya kikanda tu, ile ya mashirika yaliyokuwa yakihudumia eneo moja la nchi na kuheshimiwa kuliko yale ya kitaifa. Tangu Julai 2020 kanuni za serikali kuu hazitofautishi tena mashirika ya kikanda na ya kitaifa, lakini vyuo vingi bado vina mazoea ya zamani vinapopokea krediti, kwa hiyo swali hilo bado lina uzito.

Kuna vyuo vilivyoanzishwa hasa kwa ajili ya watu wazima wenye vipande vya elimu huku na kule: Excelsior ya New York, iliyoanza 1971, Thomas Edison State ya New Jersey, 1972, na Charter Oak ya Connecticut, 1973. Halafu kuna Western Governors, iliyoanzishwa 1997 na magavana wa majimbo ya magharibi. Huko unalipia kipindi cha miezi sita kwa bei moja, na ndani ya kipindi hicho unamaliza kozi nyingi kadiri unavyoweza. Kwa mwenye nidhamu na muda, mfumo huo ni neema. Kwa anayefanya zamu za usiku kama mimi, miezi sita inaweza kuisha na kozi tatu tu mkononi.

Niliviandikia vyuo kadhaa barua pepe yenye maswali yaleyale. Mnapokea krediti ngapi kutoka nje? Ngapi lazima nizisome kwenu? Kozi za ngazi ya juu, zile za namba 300 na 400, naruhusiwa kuzileta kutoka nje? Mnakubali mapendekezo ya ACE? Nitafuata mwongozo wa mwaka gani? Niliomba majibu kwa maandishi. Vingine vilijibu kwa kunipigia simu, na kila mara niliomba kwa upole tuendelee kwa barua pepe. Mshauri wa masomo anaweza kuhama kazi kesho, lakini barua pepe yake itabaki.

ACE inahitaji maelezo kidogo kwa sababu watu wengi wanaielewa visivyo. American Council on Education, shirika la tangu 1918, hupitia kozi na mitihani inayotolewa nje ya vyuo, kisha hupendekeza ina thamani ya krediti ngapi na za ngazi gani. Yenyewe haitoi krediti. Chuo kina hiari ya kukubali pendekezo au kulikataa. Pia kila pendekezo lina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kozi yako lazima iwe imekamilika ndani ya tarehe hizo. Mtangazaji anayesema “kozi hii ina krediti za ACE” amekueleza nusu tu, nusu ya pili iko kwa chuo chako.

Nimeshachagua. Ni chuo cha umma kinachofundisha mtandaoni, kinapokea hadi krediti 90 kutoka nje, na kinataka 30 zisomwe kwake. Kwa shahada ya miaka miwili, kinataka 15 zisomwe kwake.

Machi na Aprili: jedwali, kisha kazi

Nimetengeneza jedwali la Excel. Upande wa kushoto kuna kila nafasi ya shahada kama ilivyo kwenye mwongozo wa chuo: uandishi wa Kiingereza, takwimu, uchumi, sayansi na maabara, historia, uhasibu, na kuendelea. Kulia naandika chanzo, gharama, na hali yake. Hali ni nne: nimepanga, nimemaliza, nimetuma, imekubaliwa. Sihesabu krediti yoyote mpaka ifike hali ya nne. Safu moja ni ya marudio, maana saikolojia ya utangulizi ya Sophia, tovuti ya kozi za mtandaoni zenye mapendekezo ya ACE, na mtihani wa CLEP wa saikolojia ya utangulizi, unaokupa krediti bila kusoma kozi, ni kitu kimoja machoni pa chuo. Ukifanya vyote viwili utapewa krediti za kimoja.

Nimeanza na Sophia. Nilipojiunga usajili ulikuwa $99 kwa mwezi, kozi mbili zikiwa wazi kwa wakati mmoja. Ukimaliza kozi mbili za krediti 3 kwa mwezi, umelipa $16.50 kwa krediti. Linganisha na ile $387 ya juu. Ndiyo sababu masomo ya msingi ya jumla nayamaliza huku, si chuoni.

Yanayosomwa haraka yapo. Uandishi wa Kiingereza si mojawapo. Kuna insha zinazosahihishwa na mtu, na huendelei na inayofuata kabla ya iliyotangulia kupita. Insha yangu ya hoja ilirudi na maoni kwamba ushahidi upo lakini aya haisemi ushahidi huo unathibitisha nini. Niliisoma tena nikaona kweli: nilikuwa nimeweka takwimu kuhusu upungufu wa wahudumu wa wazee, nikanyamaza, nikarukia aya inayofuata. Niliongeza sentensi mbili kila mahali palipokuwa na namba. Somo hilo limehamia hata kazini. Ripoti zangu za mwisho wa zamu sasa hazisemi tu kwamba mzee fulani hakula chakula cha usiku. Zinasema hii ni mara ya pili mfululizo, na muuguzi anahitaji kujua kwa sababu ya dawa zake. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaozidharau kozi hizi wakidhani ni njia ya mkato. Ukizisoma kweli, zinafundisha.

Takwimu nilizipenda kuliko nilivyotarajia. Sitasema zaidi, ilikwenda vizuri.

Mei: CLEP

CLEP ni mitihani ya College Board, ipo tangu 1967. Husomi kozi yoyote ya lazima. Unajiandaa unavyojua, unafanya mtihani wa kama dakika 90, ukifaulu unapata krediti. Alama zinakwenda kutoka 20 hadi 80, na ACE inapendekeza 50 kuwa ya kufaulu, ingawa chuo kinaweza kudai zaidi. Nilipofanya, ada ilizidi kidogo $90 kwa mtihani. Hapo ndipo Modern States inapoingia. Taasisi hiyo inatoa kozi za bure za kujiandaa, na ukikamilisha kozi unaweza kuomba vocha inayolipia ada ya mtihani. Mtu akiniuliza aanzie wapi akiwa hana hata dola moja ya kuhatarisha, nitamwelekeza huko kabla ya kwingine kokote.

Nimefanya wa kanuni za usimamizi, kisha wa masoko. Yote miwili ni maswali kama 100 ya kuchagua jibu. Alama unaiona kwenye skrini papo hapo. Kwenye usimamizi nilisaidiwa na kazi yenyewe: maswali ya ukasimishaji wa majukumu, ya motisha, ya nani anawajibika kwa nani, ni mambo ninayoyaona kila usiku wahudumu wanapopungua na msimamizi akagawa vyumba upya. Uhasibu wa fedha nimeuacha pembeni. Ukishindwa mtihani wa CLEP unasubiri miezi mitatu kabla ya kuurudia, na uhasibu ni msingi wa kozi zangu za juu, kwa hiyo bora niusome taratibu na mwalimu.

Juni: krediti za Kiswahili

Hii ndiyo sehemu ninayotaka kila Mswahili aliyeko hapa aisome.

CLEP ina Kihispania, Kifaransa na Kijerumani, haina Kiswahili. Lakini ACTFL, shirika la walimu wa lugha za kigeni la Marekani, lina mtihani wa mazungumzo uitwao OPI ambao Kiswahili kimo, na matokeo yake rasmi yana mapendekezo ya krediti ya ACE. Ni mahojiano ya simu ya dakika 15 hadi 30, yanarekodiwa, na alama inatolewa kwa ngazi kuanzia ya anayeanza hadi ya juu kabisa, inayoitwa Superior. Kadiri ngazi inavyopanda, ndivyo krediti zinazopendekezwa zinavyoongezeka.

Kabla ya kulipa niliuliza chuo, kwa sababu vyuo vingine havitoi krediti kwa lugha ya kwanza ya mwanafunzi. Changu kinakubali, na krediti zinaingia kwenye masomo ya kibinadamu na ya hiari.

Watu hudhani ukizaliwa na lugha mtihani huu ni kupiga soga. Sivyo. Mtathmini alianza kwa upole: unafanya kazi gani, siku yako inakwendaje. Halafu akapanda. Akaniomba nisimulie tukio la kazini tangu mwanzo hadi mwisho, na alikuwa anasikiliza kama naweza kushika mfuatano wa wakati bila kuyumba. Baadaye tukaigiza: mimi mteja niliyetozwa mara mbili, yeye karani. Kisha likaja swali zito: nani abebe jukumu la kuwatunza wazee, familia au serikali? Nikatoa maoni. Akaniuliza, je, kama familia haina uwezo? Je, kama serikali ingeamua kesho kuondoa ruzuku zote, ingekuwaje? Ngazi ya juu inapimwa hapo, kwenye kutetea hoja na kuzungumzia yasiyotokea bado, kwa lugha rasmi, bila kuegemea Kiingereza kila unapobanwa. Sisi tunaochanganya lugha kutwa nzima tunahitaji kujifunga mkanda. Nilijiandaa kwa kusikiliza mijadala ya redio na kujirekodi nikitoa hoja kwa sauti, nikihesabu maneno ya Kiingereza yaliyoniponyoka.

Nimepata Superior. Nimefurahi kuliko kwa krediti nyingine yoyote. Lugha ya nyumbani kwetu sasa imeandikwa kwenye rekodi ya chuo.

Agosti: tathmini rasmi

Transkripti zote, yaani rekodi rasmi za masomo yangu, zimetumwa moja kwa moja na watoaji wenyewe, kwa sababu ile unayoipakua na kuituma mwenyewe haihesabiki kuwa rasmi. Ripoti ya chuo imerudi. Krediti zote zimepokelewa, lakini kupokelewa ni jambo moja na kuwekwa panapotakiwa ni jingine. Sheria ya biashara na utangulizi wa teknolojia ya habari zimetupwa kwenye kapu la kozi za hiari, wakati mshauri alishaniandikia kwamba zitajaza nafasi za lazima. Zikibaki huko, nitazisoma tena kwa bei ya chuo.

Nilikata rufaa. Kwa kila kozi niliambatanisha silabasi, ukurasa wa pendekezo la ACE wenye tarehe, maelezo ya kozi ya chuo kutoka kwenye mwongozo, na barua pepe ya mshauri. Nikaweka ukurasa mmoja wa kulinganisha mada kwa mada: mikataba, dhima, wakala, aina za kampuni. Ombi lilikwenda kwa mkuu wa idara, ambaye ndiye mwenye uamuzi juu ya nafasi za masomo makuu. Sheria ya biashara imehamishwa. Teknolojia ya habari imekataliwa kwa sababu yao ina sehemu ya majedwali ya hesabu ambayo kozi yangu haina. Sababu hiyo ina mantiki na nimeikubali. Wasiokata rufaa ndio wanaopoteza zaidi, na mara nyingi ni kwa sababu hawakuambiwa kwamba wana haki ya kuuliza.

Septemba hadi Desemba: awamu ya kwanza inafungwa

Kaka mmoja tunayefanya naye kazi aliacha chuo zamani akiwa na krediti nyingi na cheti hana. Hayuko peke yake. National Student Clearinghouse, shirika linalokusanya takwimu za wanafunzi wa vyuo, ilihesabu watu milioni 36.8 wenye umri wa chini ya miaka 65 waliosoma chuo hapa nchini wakaondoka bila cheti chochote, kufikia Julai 2022. Ndiyo sababu nasisitiza awamu. Nikisimama leo kwa ugonjwa, kuhamishwa au familia kunihitaji, nataka niwe nimesimama juu ya kitu. Kaka huyo nimemwonyesha uhamisho wa kinyume: chuo cha jamii alichoanzia kinaweza kupokea krediti alizopata baadaye kwingine na kumpa shahada ya miaka miwili, kama sera yao inaruhusu. Ameshaomba transkripti zake.

Mimi nimeziombea zile 15 za chuo msaada wa serikali kuu. Fomu ya kuuomba, FAFSA, ni bure. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, ilifika hadi $7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–25, kulingana na kipato na mzigo wa masomo. Hailipii Sophia wala CLEP, inalipia chuo chenye ithibati ulichosajiliwa. Mpangilio wa mradi umetokana na hilo: ya bei nafuu nalipa mfukoni, ya bei kali naibebesha ruzuku. Mwajiri pia anaweza kulipia masomo hadi $5,250 kwa mwaka bila pesa hizo kukatwa kodi ya mapato kwa mfanyakazi. Waajiri wengine wana mpango huo na hawautangazi. Mimi nilimuuliza afisa utumishi.

Uhasibu wa fedha, uchumi mdogo (microeconomics) na kozi tatu nyingine nimezisoma chuoni. Uhasibu ulikuwa mgumu na mzuri. Mwalimu alitutaka tuandae mizania ya duka dogo kutoka risiti ghafi, na ilipokataa kulingana niliitafuta tofauti hadi nikaikuta kwenye bima iliyolipwa mapema ambayo ilipaswa kugawanywa kwa miezi.

Shahada ya miaka miwili imetolewa. Nimeipeleka kwa msimamizi wangu, naye ameniweka kwenye orodha ya wanaofikiriwa kwa nafasi ya uratibu wa ratiba za zamu.

Januari: awamu ya pili

Bado 60. Kati ya hizo, 15 za kukamilisha zile 30 za chuo, ukiwemo mradi wa mwisho, ambao hauhamishiki kutoka popote. Zinazobaki 45 nazigawa. Sophia imejaa kozi za ngazi ya chini, kwa hiyo kwa namba 300 nahamia Study.com, tovuti nyingine ya kozi za aina hiyo, ambako mtihani wa mwisho husimamiwa kwa kamera. Kozi mbili nimezitengea Arizona State kupitia mpango wao wa Universal Learner: unalipa $25 kujiandikisha, unasoma, unaona alama yako, ndipo uamue kama unalipa $400 iingie kwenye transkripti. Kwa krediti ni ghali kuliko Sophia, lakini transkripti inatoka chuo kikuu chenyewe na alama, kwa hiyo chuo kisichotaka kusikia habari za ACE kinaweza kuipokea. Nazihitaji hizo iwapo nitaomba shahada ya uzamili baadaye, maana baadhi ya vyuo hutazama wastani wa alama na kozi za ACE hazina.

Wiki hii natuma kwa chuo orodha ya kozi nane za ngazi ya juu ninazokusudia kuzichukua, na silabasi ya kila moja, ili zikubaliwe kwa maandishi kabla sijalipa. Zikirudi na majibu nitaziingiza kwenye jedwali. Kozi ya kwanza itakuwa usimamizi wa rasilimali watu.